Mlinzi Asiye na Binamu

Kazi ilipopatikana Dorah alimshukuru Mungu kabla hajauliza ni kazi gani. Usimlaumu. Mtu aliyekwisha kuambiwa khalas, mwisho wa mwezi urudi kwenu, hachagui mlango. Huingia ulio wazi. Mumewe Zadock alikuwa amelinda mnara mmoja wa ofisi kule Dubai, Jumeirah Lakes Towers, kwa miaka sita, akisimama ukumbini na kusema good morning sir, good morning madam, hadi mdomo ukazoea kutabasamu wenyewe. Kisha kampuni yake ya ulinzi ikapoteza kandarasi. Kampuni mpya ilikuja na watu wake, na Zadock na wenzake wakaambiwa viza zao zitafutwa.

Dorah yeye alikuwa mhudumu katika mkahawa wa chini ya mnara uleule. Mshahara wake peke yake ungemlisha yeye, na labda paka. Huko kwao Kenya, Vihiga, kulikuwa na Trinah, binti yao, shule ya bweni, na kulikuwa na mama mkwe ambaye nyumba yake ilikuwa imefika kwenye linta, juu tu ya madirisha, ikakwama hapo, majirani wakiitazama kila wapitapo kwenda kanisani. Kwa hiyo siku Zadock alipomnong'oneza kwamba sir wa ghorofa ya juu amemwita kwa mazungumzo, Dorah alifurahi hadi akamwagia mteja maziwa.

Sir mwenyewe aliitwa Yaqoub. Ofisi yake ilinunua mashamba katika nchi za mbali na kuyaendesha kwa simu, na hakuna mtu wa humo aliyewahi kuonekana na tope kwenye kiatu. Alimpenda Zadock kwa sababu moja tu: siku zote alimkuta amesimama wima, hajaegemea ukuta. Na kama Mungu alivyopanga, au shetani, mimi sijui, siku hiyo ofisi iliagiza kahawa, na aliyetumwa kuipandisha ni Dorah.

Aliingia na trei akamkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kiti, kofia mapajani. Walitazamana kidogo, kisha kila mmoja akaangalia pembeni. Hakuna mtu pale mnarani aliyejua kwamba wale ni mke na mume. Walikuwa wamelificha jambo hilo miaka yote, maana wakubwa hawapendi wafanyakazi wenye jamaa kazini. Wanasema hufichiana makosa. Basi Dorah akamwekea mumewe kikombe mbele kama anayemhudumia mtu baki, akamuuliza kwa Kiingereza kama anatumia sukari, na Zadock, ambaye hutia vijiko vitatu, akajibu no thank you, madam. Akainywa chungu hivyohivyo.

Yaqoub alikuwa akieleza habari za shamba. Lilikuwa Honduras, pwani ya kaskazini, michikichi ya mafuta ya kupikia hadi macho yachoke kutazama. Viza juu yao, nauli juu yao, chakula juu yao, na mshahara uliomfanya Dorah aishike trei kwa mikono miwili.

"Una ndugu kule?" Yaqoub akauliza.

"Hapana, sir."

"Rafiki? Watu wa kanisa lako?"

"Simjui mtu hata mmoja, sir."

"Vizuri. Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Walinzi wa kule si wabaya, lakini kila mmoja ana binamu upande wa pili wa ua."

Zadock alicheka kidogo, jinsi mtu anavyocheka bosi anapotania. Dorah hakucheka. Alitaka kusikia zaidi, lakini trei ilikuwa tupu na hakuwa na sababu ya kubaki mle ndani, akashuka.


Walikaa mtaa wa Al Baraha, katika fleti ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao hadi kila mtu akapata kijichumba cha kulaza mgongo. Mwenye mkataba wa fleti alikuwa Everlyn, mama wa Kitale mwenye sauti ya kuamsha mtaa, msafishaji hospitalini na kiongozi wa maombi nyumbani. Kijichumba cha karibu na jiko kilikuwa cha Nohemi, mwanamke wa Honduras aliyeletwa Dubai na familia ya Kihispania kulea watoto. Familia ikahama, yeye akabaki, akapata kazi ya kuoka mikate katika mkahawa wa Dorah. Dorah ndiye aliyempeleka kwa Everlyn. Nohemi alikuwa mwaka wa pili sasa, anakula ugali wao na wao wanakula maharage yake, na Kiingereza cha kuungaunga kikawatosha wote.

Unaweza basi kukisia furaha ya siku ile. Dorah alimkimbilia Nohemi jikoni akamwambia Baba Trinah amepata kazi kwenu, kwenu kabisa, pwani ya kaskazini. Nohemi alilia. Akasema Mungu ana mzaha, yeye amevuka bahari kutafuta riziki na huyu anaivuka kwenda kuitafuta kule alikotoka. Jioni ile alipika chapati zake za unga wa ngano, akazikunja na maharage na jibini ndani, akamfundisha Zadock jina la kila kitu mezani. Hakuuliza ni kazi gani hasa, na wao hawakusema. Mlinzi ni mlinzi. Angekwenda kulinda nini zaidi ya mlango?

Nyumba ya Everlyn ilikuwa na desturi yake. Anayeondoka, hata kama anahamia Sharjah tu, hasindikizwi kwa mdomo mtupu. Husimama katikati ya sebule, akataja anakokwenda na anachokwenda kufanya, kisha kila anayelala chini ya dari ile humwekea mkono na kumwombea kwa lugha yake. Wote. Asipoweka mkono mmoja, maombi hayafungwi. Everlyn alikuwa na msemo wake kwamba Mungu habariki kitu kisichotajwa, na aliwahi kumrudisha kijana mmoja wa Busia kutoka mlangoni kwa sababu alisema anakwenda kwenye "biashara". Safari hii walikubaliana kwamba Nohemi ndiye atakayeanza. Nchi ni yake, atangulie yeye kumfungulia mgeni mlango. Dorah ndiye aliyelitoa wazo hilo, na alijiona amefanya jambo la heshima sana.


Ofisi ya Yaqoub ilimtumia Zadock sauti kwenye simu, maneno machache ya Kihispania ya kujifunza kabla ya safari. Jumamosi moja asubuhi alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo cha korido, simu kando ya bomba, akiyarudia kwa sauti ya kazini. Atrás. Rudini nyuma. Salgan. Tokeni. Ulimi ulikuwa unamjia vizuri, na yeye mwenyewe alijisifu.

Jikoni sufuria ilianguka. Dorah alipofika alimkuta Nohemi ameshika ukingo wa sinki, maji ya mchele yametapakaa sakafuni, na hakuonekana kuyaona.

"Anakwenda kulinda nini?" Nohemi akauliza.

Dorah akamwambia. Shamba la michikichi. Akataja na jina la mji ulio karibu, kama Yaqoub alivyolitaja. Nohemi aliinama akaanza kufuta maji, na akiwa kule chini, bila kuinua uso, akaanza kusimulia.

Alisema pwani ile haijawahi kuwa ya wenyewe tangu enzi za mababu. Ilikuja kampuni kutoka Marekani kulima ndizi, ikapewa ardhi ili ijenge reli, na reli ikajengwa kweli, kutoka migombani hadi bandarini. Mji mkuu wa nchi haujaiona hadi leo. Hospitali ikawa ya kampuni, duka likawa la kampuni, na watu walisema rais akitaka kupiga chafya huwauliza kwanza wenye ndizi. Babu yake Nohemi alikata ndizi humo. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne wafanyakazi wa pwani nzima waliweka panga chini wakagoma, na ndizi zikaoza mitini, na babu alikuwa mmoja wao. Walipata walichopata. Mafuriko yakaja mwaka uleule, kampuni ikapunguza watu kwa maelfu, babu akiwemo. Baadaye serikali ikawagawia wakulima ardhi kwa vyama vya ushirika, baba yake Nohemi akapata sehemu. Kisha sheria ikabadilika, wakubwa wakainunua tena ardhi ile kwa vitisho na vijisenti, ikapandwa michikichi. Wenye shamba walibadilika, alisema, ila ua ulibaki palepale.

"Nilikuwa mtoto walipotutoa," akasema. "Walinzi walisimama mstari mmoja. Maneno yalikuwa hayohayo. Atrás. Salgan. Lakini mjomba wangu alikuwa mlinzi wao. Usiku wa kuamkia siku ile alikuja kutuambia, tukatoa watoto na wagonjwa. Asingekuja, tungekufa ndani."

Dorah akaelewa. Akaelewa kwa nini ofisi ile inamtaka mtu wa Vihiga akalinde michikichi ya Honduras wakati Honduras imejaa wanaume wenye nguvu. 

"Na sasa kuna watu wenu pale?" akauliza, ingawa alijua.

"Wamerudi ndani ya shamba tangu mwaka jana. Wamejenga mahema. Kaka yangu Wilmer yuko pale." Nohemi akakamua kitambaa. "Mwambie mumeo matamshi yake ni mazuri."

Kuanzia siku ile Nohemi hakula tena nao. Hakununa, hakusema neno baya. Alipika, akapakua, akafunga mlango wake. Everlyn alidhani ni tumbo, akamchemshia tangawizi.


Kuna jambo Dorah hakuwahi kumwambia mumewe, si kwa siri bali kwa aibu. Yeye alizaliwa kwenye mashamba ya chai ya Nandi, katika nyumba za laini za wafanyakazi, mama yake akichuma majani. Kuni zilikuwa zile zilizoanguka chini ya mikaratusi ya shamba, na kuziokota kulikatazwa. Masoja, walinzi wa shamba, waliletwa kutoka mbali, watu wasiojua hata salamu ya pale, kwa makusudi kabisa. Mmoja wao alimkamata mama na mzigo wake mgongoni. Hakumpiga. Alimwamuru aufungue, akazirudishe kuni alikoziokota, moja moja, kila ujiti mahali pake, na watoto wake wakitazama. Mama akawa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, soja amekaa kwenye jiwe anakula muwa. Dorah alikuwa na umri wa miaka minane, na hadi leo akiona mtu anakula muwa hukereka.

Alimsimulia Zadock hilo, pamoja na maneno ya Nohemi, kwenye kijichumba chao, wakiwa wameketi kitandani magoti yakigusana na mbao. Zadock alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yeye si soja wa namna hiyo.

"Hata yule alikuwa baba wa mtu," Dorah akasema. "Mshahara wake ulikuwa unalipa karo ya mtu."

"Ni wewe uliyesema nisiuachie mlango huu."

"Ni mimi."

"Sasa nikirudi Vihiga nitalinda nini, Mama Trinah? Migomba ya mama?"

 Dorah alijichukia kwa kulitaka lile shamba na akajichukia kwa kulikataa. Zadock alijilaza akatazama ubao, na upande wa pili wa ubao ule, karibu kiasi cha kusikika akigeuka, alikuwa Nohemi.


Maombi yalifanyika Ijumaa alasiri, kwa kuwa Jumatatu Zadock alitakiwa ofisini kutia sahihi na Jumatano kusafiri. Everlyn alikuwa amekaanga mandazi. Watu wa fleti walisimama duara, wengine na sare za kazi, na Zadock katikati, shati limepigwa pasi hadi kukunja mkono ni taabu. Mlango wa Nohemi ulikuwa umefungwa. Everlyn alipoita mara ya pili bila jibu, akaona aendelee, huenda mgonjwa amelala.

"Haya, ndugu yetu. Taja unakokwenda."

"Honduras."

"Kufanya nini?"

"Kulinda."

"Kulinda nini?"

"Shamba."

Everlyn akainua mkono kuanza, kisha akasita, maana alikuwa mwanamke wa kutaka mambo yakamilike. "Shamba unalilinda dhidi ya nani?" akauliza. "Ngedere? Wezi? Tumtajie Mungu."

Zadock aliugeukia mlango wa Nohemi uliofungwa.  Mikono ya wenzake ilikuwa imeshafika mabegani na kichwani kwake, isipokuwa mmoja. Dorah alikuwa amesimama nyuma, mikono ameifumbata kifuani, na alitaka kuinyoosha na haikunyooka. Everlyn akamtazama yeye, akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akaushusha mkono kabla ya maombi.

Hapo mlango wa karibu na jiko ukafunguka. Nohemi alikuwa amefunga nywele kama mtu anayekwenda misa. Alipita katikati ya watu akaweka kiganja chake kifuani kwa Zadock, juu ya mfuko wa shati.

"Anakwenda kulilinda dhidi ya watu wangu," akasema kwa Kiingereza. "Msimfokee. Nani hapa ndani alichagua kazi yake? Asipokwenda yeye watapata mwingine." Akamgeukia Zadock. "Lakini mwingine hatakuwa amekula maharage yangu. Nimekula chungu kimoja na wewe, Zadock, kwa hiyo sikiliza. Domitila ni shangazi yangu. Anauza chakula kando ya lango, ana kovu hapa kwenye kidevu, na atakuita mwanangu hata kabla ya kukujua. Wilmer ni kaka yangu. Ni mrefu, anachechemea, na siku zote husimama mbele ya wenzake kwa sababu hana akili ya kusimama nyuma. Ukimwona, mwambie dada yake anamsalimu. Kwako wewe ni binamu. Nimekupa."

Kisha akaomba kwa Kihispania, macho amefumba. Hakuna aliyemwelewa. Dorah aliyatambua majina tu, Domitila, Wilmer, Zadock, yakifuatana, yakirudi, Zadock katikati yao kama mtoto wa nyumba ile. Machozi yalimtoka bila kelele. Akasogea akaweka mkono wake begani kwa mumewe, na Everlyn akasema amina, maombi yakafungwa, mandazi yakaliwa na watu wasioongea.


Jumatatu ile Dorah alibadilishana zamu na mwenzake ili kahawa ya ghorofa ya juu aipeleke yeye. Zadock hakuwa amemwambia lolote tangu Ijumaa. Alikuwa amekunja nguo zake zote sandukuni, na sanduku ni sanduku, halisemi linakokwenda. Dorah alikuwa amejiandaa kumwona akitia sahihi. Alikuwa amejiambia hatalia mbele ya sir.

Alipoingia, karatasi zilikuwa mezani na kalamu juu yake. Zadock alikuwa ameketi, safari hii mgongo umegusa kiti.

"Sir," alikuwa akisema, "uliniuliza kama nina ndugu kule. Nilisema sina. Ninao."

Yaqoub akatabasamu. "Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Unatania."

"Hapana, sir. Nina binamu, anaitwa Wilmer. Na nina shangazi anauza chakula kwenye lango lenu."

Tabasamu la Yaqoub lilikaa kidogo usoni halafu likaondoka. Hakuwa mtu mkatili. Alionekana kusikitika kwelikweli, kama mtu aliyepata kiatu kizuri kikawa kinabana. Alisema Zadock anaelewa kwamba hawezi kumpeleka, na Zadock akasema anaelewa. Akamkumbusha kwamba viza yake inakwisha wiki hii. Zadock akasema hilo pia analijua. Yaqoub akazivuta karatasi upande wake wa meza, akaziweka sawa kwa kuzigonga.

Dorah alikuwa bado amesimama na trei. Aliiona nyumba ya mama mkwe ikisimama kwenye linta, akamwona Trinah akirudishwa nyumbani na sanduku la bati, akamwona mumewe uwanja wa ndege wa Nairobi na shati lake la pasi. Moyo ulimuuma sana, na papo hapo ukatulia, kama jino lililong'olewa. Akasogea akaweka kikombe mbele ya mumewe, na kwa mazoea akamuuliza kwa Kiingereza kama anatumia sukari.

"Vijiko vitatu, Mama Trinah," Zadock akasema kwa Kiswahili.

Yaqoub akainua kichwa, akamtazama huyu na yule. Akauliza kama wanafahamiana.

"Huyu ni mke wangu, sir."

 Dorah alifungua bakuli la sukari, akatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakoroga taratibu hadi ikayeyuka yote. Zadock alikishika kikombe, akainywa kahawa yake mbele ya sir hadi ikaisha, na mkewe akasubiri pale kando kuchukua kikombe.